Dagaa Wawili na Nusu

Twende kwanza sokoni Gungu, jioni, jua likiwa limeanza kuelemea upande wa milima ya Kongo. Pita taratibu, maana njia kati ya meza na meza ni nyembamba na akina mama wametandika magunia hadi barabarani. Kitakachokupokea ni harufu ya mawese, mafuta mekundu kwenye chupa na madumu, mazito, yaliyokamuliwa juzi tu. Kisha dagaa. Wamerundikwa mafungu mafungu, wakavu, wana mgongo wa rangi ya fedha, na kila kichwa kidogo kina jicho jeusi. Migebuka ya kubanikwa imepangwa safu juu ya kanga kuukuu. Muhogo mkavu unanuka uchachu, na unga wake umewapaka wauzaji weupe hadi viwikoni. Kuna sombe iliyotwangwa asubuhi, ingali inatoa maji ya kijani. Kuna chumvi ya Uvinza inayopimwa kwa kikombe cha bati. Mama wa Kiha atakusalimu kwa lugha yake. Ukimjibu kwa Kiswahili atacheka, na akishakupimia fungu lako atachota kiganja kingine akuongezee.

Hapa ndipo nilipokulia, katika miaka ya tisini. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake palikuwa na mchikichi mmoja mrefu na mwembe uliokuwa wa jirani, ingawa matawi yake yaliyozaa vizuri yote yaliangukia kwetu. Umeme wa Kigoma wakati ule ulitoka kwenye majenereta ya dizeli na ulikuja kwa mgao. Mkoa ulikuja kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, sisi tukiwa watu wazima. Usiku mwingi wa utoto wangu ni usiku wa koroboi. Moshi wake ulitupaka masizi puani, na asubuhi bibi alitufuta kwa ncha ya kanga yake iliyoloweshwa mate, tukipiga kelele.

Mwanga wa kweli ulikuwa wa baba mdogo. Yeye alikuwa mvuvi wa Kibirizi, na siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa taa hawaendi ziwani kwa sababu dagaa hawaifuati taa ya mtu wakiwa na ya Mungu, alizileta karabai zake barazani kwetu kuzitengeneza. Njoo ukae hapa, juu ya hili jamvi. Sikiliza anavyopampu: tsi, tsi, tsi, mpaka mkono unakuwa mgumu. Sikia harufu ya spiriti anayoiwasha chini ya bomba ili mafuta ya taa yapate moto na kugeuka mvuke. Lakini kabla ya hapo kuna kazi ya utambi. Huu utambi ni kifuko cha uzi mweupe, laini, kinachouzwa kikiwa kimekunjwa kwenye pakiti ndogo ya karatasi. Baba mdogo alikifunga mdomoni mwa taa kwa kamba yake nyembamba, akakipiga kiberiti. Kitambaa kiliungua chote, kikanywea, na kilichobaki kikining'inia kilikuwa jivu tupu lenye umbo la kifuko. Ajabu ni kwamba jivu hilo ndilo lililowaka. Mvuke ulipopita, lilijaa nuru nyeupe hata ukashindwa kulitazama.

"Usiliguse, mama," aliniambia. "Ukiligusa linakuwa vumbi." Mimi nililigusa kila lilipopoa akiwa haoni. Likawa vumbi kweli, na kidole changu kikabaki cheupe.

Nilipofika kidato cha pili tulipata mwalimu wa fizikia aliyeletwa na treni ya Reli ya Kati, kijana, mwembamba, mwenye mkoba uliojaa vitabu kuliko nguo. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye meza ndefu, bomba lisilotoa maji, na bango la jedwali la elementi lililokuwa limeliwa na mchwa upande wa chini. Alilitazama bango lile siku ya kwanza, akavua saa yake, akaiweka mezani, akaanza kuandika sifuri ubaoni.

Aliandika sifuri, nukta, kisha sifuri nyingine, na nyingine, akatuamuru tuhesabu kwa sauti. Tulihesabu sifuri 30 baada ya nukta, kisha akaandika 91. "Huo," akasema, "ni uzito wa elektroni moja kwa kilo." Akashuka mstari wa pili. Sifuri 26, kisha 167. "Huo ni wa protoni." Darasa zima tukacheka, kwa sababu kwetu sifuri 26 na sifuri 30 zilikuwa kitu kilekile: hakuna. Yeye hakucheka. Alitutazama kwa muda, akasema kesho yake tutafika mapema kabla ya nzi.

Kesho yake aliingia na mizani ya sahani mbili aliyoazima dukani, ikiwa na mawe yake ya shaba, na samaki aina ya kuhe aliyemnunua Kibirizi alfajiri. Kuhe yule alikuwa mbichi, magamba yakiteleza, na chumba kikajaa harufu ya ziwa. Alimpima mbele yetu: kilo moja na gramu mia nane na kitu. Kisha akatoa mfukoni mwa shati dagaa mkavu mmoja, akamshika mkia akituzungushia kila mmoja amwone. Dagaa huyu, akasema, tumkadirie gramu moja. Akamwondoa kuhe kwenye sahani, akamweka dagaa peke yake. Mizani haikutikisika.

"Mizani imemwona?"

"Hapana, mwalimu."

"Lakini yupo?"

"Yupo, mwalimu."

"Basi protoni ni huyu kuhe na elektroni ni huyu dagaa. Protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836. Ukipima kitu chochote, jiwe, mtumbwi, bibi yako, karibu uzito wote uliopima ni wa makuhe. Madagaa wamo, tena ni wengi, ila mizani haiwaoni."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijakutana na maelezo yaliyonikaa vizuri zaidi. Lakini uzito sicho alichokuja kutufundisha. Alichukua vipande viwili vya karatasi, kimoja akaandika +1 akakibandika ubavuni mwa kuhe, kingine akaandika −1 akamfunga dagaa kwa uzi. Sasa sahauni mizani, alisema. Kuna kipimo kingine kinaitwa chaji, na katika kipimo hicho hawa wawili wanalingana. Hawakaribiani tu, wanalingana kabisa. Chaji ya protoni ni chanya, ya elektroni ni hasi, na ukubwa wake ni uleule: andika sifuri, nukta, sifuri 18, kisha 16, utaipata kwa kulombi. Dagaa mmoja anatosha kumtuliza kuhe mzima.

Mwenzetu mmoja aliyekaa dirishani, mtoto wa familia iliyovuka ziwa kutoka Kongo kwa mashua mwaka 1996, aliyezungumza Kiswahili cha upande wa pili kilichotupendeza masikioni, alinyoosha mkono. "Mwalimu, inakuwaje mdogo namna hii alingane na mkubwa namna hii?"

Mwalimu alikaa kimya kidogo. "Hilo ni swali zuri kuliko yote nitakayowauliza kwenye mtihani," akasema. "Sina jibu. Na walioandika hiki kitabu hawana."

Kuhe tulimbanika nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, kwa chumvi ya Uvinza na pilipili. Chumvi nayo haikupita bure. Mwalimu alitupa chembe chache kwenye moto, ukageuka manjano, akatuambia ile ni sodiamu, yenye protoni 11, ambayo ikikutana na klorini huiachia elektroni moja, na ndiyo maana zikashikamana. Tulikula tukiwa na vidole vya mafuta, tukibishana ni nani angefaa kuwa klorini.

Baada ya hapo niliziona chaji kila mahali. Kiangazi, miezi ya Juni na Julai, hewa ya Gungu inakauka hadi midomo inapasuka. Tulichana nywele kwa kitana cha plastiki kisha tukakisogeza kwenye vipande vya karatasi, navyo vikaruka na kukinata. Kitana kimenyakua elektroni kichwani mwako, alisema mwalimu, na kila elektroni iliyohama imeacha nyuma protoni isiyo na mwenzake. Masika ilikuwa hadithi nyingine. Radi ya Ziwa Tanganyika haibishi hodi. Wingu jeusi linasimama juu ya maji, upepo unaleta harufu ya udongo uliolowa, mbwa wanaingia chini ya kitanda. Bibi alifunika kioo kwa kanga, akatuita tutoke chini ya mwembe, akaanza kusoma dua kwa sauti. Mimi nilikaa naye nikitetemeka vilevile, nikiwaza zile elektroni zilizokuwa zikishuka kwa mabilioni ya mabilioni kutoka winguni, na sikuona kwamba dua yake na mawazo yangu yaligombana.

Kulikuwa na siku ya mafuta. Mwalimu aliazima kwa kinyozi kile kichupa cha kupulizia maji, akatufungia madirisha tukaacha upenyo mmoja wa jua. Alipopuliza, matone madogo yalielea kwenye mwanga, mengine yakishuka polepole sana. Akatusimulia habari za Robert Millikan, ambaye kuanzia mwaka 1909 huko Chicago alipuliza matone ya mafuta mepesi kati ya mabamba mawili ya metali yenye umeme. Tone lililobeba chaji liliweza kusimamishwa hewani, uzito ukilivuta chini, umeme ukilivuta juu. Millikan alichungulia kwa darubini, akapima tone baada ya tone, na kila mara chaji ilikuwa kipimo kimoja, au viwili, au vitatu, au zaidi. Haikuwahi kuwa kimoja na nusu. Ndivyo alivyoijua chaji ya elektroni. Kabla yake, mwaka 1897, J. J. Thomson wa Cambridge alikuwa ameshaonyesha kwamba chembe hiyo ipo na kwamba ni nyepesi mno.

"Mawese yangefaa?" mmoja wetu aliuliza.

Mwalimu aliinua kile kichupa, akakitazama kwa makini kabisa. "Yangeziba tundu," akajibu. "Lakini ukiyachuja vizuri, ukayapasha moto, sijui. Jaribu." Nampenda hadi leo kwa neno lile moja.

Chembe ya tatu aliichelewesha. Nyutroni haina chaji, alisema, kwa hiyo ilijificha kuliko wenzake. James Chadwick aliithibitisha mwaka 1932 tu, miaka zaidi ya thelathini baada ya elektroni. Uzito wake ni karibu sawa na wa protoni. Hapo akarudia samaki wake, safari hii kwa kuchora. Nyutroni ni kuhe yuleyule, akasema, ila juu yake umeongezewa dagaa wawili na nusu. Tukauliza hiyo nusu inatoka wapi. Akasema ndivyo kipimo kinavyosoma, elektroni 1,839 kasoro kidogo, na kipimo hakijui aibu. Nikaandika daftarini: dagaa 2½. Nilidhani ni jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Usiku ule ule, au usiku mwingine unaofanana nao, nilishuka Kibirizi na shangazi kumpelekea baba mdogo chakula. Simama nami hapa juu ya mchanga. Nyavu zimetandazwa, zinanuka samaki na jua la mchana. Wanaume wanasukuma mitumbwi kwa wimbo mfupi, taa zikiwa tayari zimepigwa pampu, zikivuma. Giza ni totoro, hakuna mwezi. Saa moja baadaye ziwa lote mbele yako lina taa, safu kwa safu, mpaka huoni mji wa taa unaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Chini ya kila taa dagaa wanapanda kutoka kwenye kina, kwa sababu wadudu wadogo walio chakula chao wamekuja kwenye mwanga. Kwa mbali honi ya Liemba inalia ikitoka bandarini. Shangazi ananifunika mgongo kwa kitenge. Kila moja ya taa zile ilikuwa na kijivu chake cheupe, na hakuna hata mmoja wetu pale ufukweni aliyejua kilichokuwa ndani yake.

Nilikuja kujua Dar es Salaam, Mlimani, mwaka wangu wa pili chuo kikuu. Mhadhiri alileta kifaa cha kunasa mionzi, kile kinacholia tik, tik, akakiwasha juu ya meza tupu. Kikalia mara chache. Kisha akafungua pakiti ndogo ya karatasi, na kabla hajaitoa nilishakijua kilichomo. Utambi wa karabai. Alipousogeza, kifaa kikalia mfululizo.

Tambi za zamani, alieleza, zilitiwa madini ya thori. Aliyezibuni ni Carl Auer von Welsbach wa Austria, mwaka 1885, na baadaye akagundua kwamba thori ikichanganywa na seri kidogo hung'aa sana kwenye moto. Uzi ukiungua, oksidi ya thori ndiyo inayobaki ikining'inia. Kiini cha atomu ya thori kina protoni 90 na nyutroni 142. Mara mojamoja kiini kimoja huchoka na kurusha nje kipande chenye protoni mbili na nyutroni mbili, chembe iitwayo alfa, kikabaki na protoni 88 na kuwa radi, jina lile lile la ile ngurumo ya bibi. Hesabu haipungui: 88 na 2 ni 90. Ni jambo la polepole; nusu ya thori yoyote uliyonayo itasubiri miaka kama bilioni 14 kabla haijabadilika. Lakini kwenye kijivu kimoja atomu ni nyingi kiasi kwamba kila sekunde zipo zinazolipuka. Nilikitazama kidole changu.

Na kulikuwa na habari iliyonifuata hadi bwenini. Chadwick, yule wa nyutroni, alikuwa Berlin akisoma kwa Hans Geiger vita vilipoanza mwaka 1914. Kwa kuwa alikuwa Mwingereza alifungiwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi uliogeuzwa kambi, akalala kwenye zizi hadi vita vilipokwisha. Huko alitaka kuendelea na majaribio na hakuwa na kitu. Akagundua kwamba dawa ya meno iliyouzwa na kampuni ya Auer, hiyo hiyo ya tambi za taa, ilikuwa na thori ndani yake. Akaitumia. Miaka hiyo hiyo huku kwetu Wajerumani walikuwa wakiunga vipande vya meli iliyosafirishwa kwenye masanduku kutoka Papenburg, nayo ikaingia majini Kigoma mwaka 1915. Leo tunaiita Liemba. Nililala nikiwaza hayo mawili, kijana mfungwa na dawa yake ya meno, na mafundi wakigonga ribiti kwenye ufukwe wetu.

Mlimani pia ndiko nilikoelewa dagaa wawili na nusu. Nyutroni ikiwa peke yake nje ya kiini haidumu. Kwa wastani inaishi kama dakika 15. Inageuka protoni, inatoa elektroni moja, na chembe nyingine isiyo na chaji, nyepesi mno, inayoitwa antinyutrino. Fanya hesabu ya mwalimu wangu. Kuhe na dagaa wawili na nusu wamekuwa kuhe na dagaa mmoja. Dagaa mmoja na nusu hawapo: wamekuwa nishati, mwendo wa hizo zilizoruka. Na chaji? Mwanzo sifuri, mwisho chanya moja na hasi moja, sifuri. Sasa geuza upande. Ile ziada ingekuwa kwa protoni, protoni ndiyo ingevunjika. Haidrojeni isingedumu, na bila haidrojeni hakuna maji, si tone la kinyozi wala Ziwa Tanganyika na mita zake 1,470 za kina. Chanzo kikubwa cha ziada hiyo ni kwamba ndani ya protoni na nyutroni mna kwaki, ambazo Murray Gell-Mann na George Zweig walizipendekeza mwaka 1964, na aina moja ni nzito kidogo kuliko nyingine. Protoni ina kwaki juu mbili na kwaki chini moja, nyutroni kinyume chake, na chini ndiyo nzito. Juu ina chaji ya theluthi mbili chanya, chini theluthi moja hasi. Jumlisha utapata moja, na upande wa pili sifuri. Nilitamani kumwandikia mwalimu, lakini alikuwa ameshahamishwa na sikujua wapi.

Nilipokwenda likizo nilimweleza baba mdogo. Alikuwa amezeeka, na wavuvi wengi wa Kibirizi walikuwa wameanza kutumia taa za betri. Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na wazee wenzake watatu wakasogea. Nilianza na utambi, nikafika kwenye thori, nikafika kwenye makuhe na madagaa. Walisikiliza vizuri sana. Watu waliopima samaki maisha yao yote hawahitaji kuelezwa mizani ni nini.

"Na sisi tuliokuwa tukiyapuliza majivu yale?" mmoja akauliza.

Nikamwambia ukweli kama ninavyoujua. Chembe za alfa hazipiti hata karatasi, ngozi inazizuia. Ubaya ni kuvuta vumbi la majivu hayo likaingia mapafuni, na kilichokuwamo kwenye utambi mmoja kilikuwa kidogo. Na kama ana karabai ya zamani nyumbani, asiwaachie wajukuu kuchezea utambi wake. Akatikisa kichwa polepole, akasema anayo, iko juu ya kabati.

Baba mdogo yeye alikuwa bado kwa kuhe. "Umesema wanalingana hao wawili. Wamepimwa?"

"Wamepimwa, baba. Wamepima hadi tarakimu ishirini baada ya nukta, hawajaona tofauti."

"Na kwa nini?"

Nikamwambia kwamba kuna watu wenye nadharia, nyingine nzuri sana, zinazoziweka elektroni na kwaki katika ukoo mmoja ili chaji zao zilazimike kulingana, ila hakuna jaribio lililokwisha kuzithibitisha. Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema lazima zilitoka kwa mama mmoja. Mwingine akasema hapana, ndugu hawalingani hivyo, yeye ana wanawe saba na anajua. Baba mdogo akadai turudie tangu mwanzo, tangu dagaa mkavu, na safari hii nisiruke kitu.